Maji ya Jumamosi

Vijana wangu wa ofisi ya maji, siku niliyostaafu mlinipa keki, saa ya ukutani na hotuba nne, kisha mkaniomba niwaandikie "kitu kidogo tu" kuhusu kazi. Keki iliisha siku hiyo hiyo. Saa imeshasimama. Hotuba sikumbuki hata moja. Basi kimebaki hiki kitu kidogo, na nawaonya mapema kwamba si kidogo.

Sitaandika nilipanda cheo lini wala mshahara wangu ulikuwa wa kundi gani. Hayo yako kwenye faili langu, na faili langu liko mahali fulani ndani ya lile kabati lisilofunguka. Nitaandika juu ya gambuti, madaftari ya kupimia, mzee mmoja aliyenifundisha kazi, na kosa moja nililolifanya mimi mwenyewe, Rebeka, kwa mkono wangu na kalamu yangu, ambalo nusura liwanyime maji familia zaidi ya thelathini za Matulo. Wengi wenu mmelisikia juujuu kwa wambea. Afadhali mlisikie kwangu.

Nilianza kazi Kitale. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya visigino, kwa sababu mama yangu alikuwa amewatangazia watu wote wa Kibomet kwamba nimepata kazi ya ofisi. Kufika saa tatu asubuhi nilikuwa nimesimama katikati ya mto, maji yamenifika magotini, miguu yangu inaelea ndani ya gambuti za mwanamume. Viatu vyangu vilikuwa vimepangwa vizuri ukingoni, na kando yake alisimama mzee mwembamba mwenye koti la mvua, akiniambia kwa upole nisiangushe chombo.

Huyo ndiye Mzee Wekulo, msoma geji mkuu. Geji, kwa wale wenu ambao hamjawahi kulowa, ni ile mbao nyeupe yenye namba nyeusi inayosimamishwa mtoni ili tujue maji yamepanda au yameshuka. Na chombo alichonipa ni fimbo ya chuma yenye feni ndogo chini yake. Unaitumbukiza, feni inazungushwa na maji, unahesabu mizunguko huku ukitazama saa, kisha unapiga hesabu ujue mto unapitisha maji kiasi gani. Siku hizi kiko kingine kinachokufanyia hesabu na kukusalimia kwa sauti. Kile cha kwetu hakikusalimia mtu.

Nilikiangusha. Tulikitafuta kwa mikono mpaka saa saba, mimi nalia kimyakimya na mzee anapapasa matope. Alipokipata alikitikisa, akakipuliza, akanirudishia.

"Sasa unajua kina cha hapo," akaniambia. "Andika."

Nikaandika kina, nikaandika tarehe, nikampa daftari kwa fahari. Akalirudisha.

"Andika na siku."

"Nimeandika tarehe, Mzee."

"Tarehe ni ya bosi. Mimi nataka siku. Leo ni Alhamisi. Watu wa huku juu Alhamisi wanaogesha ng'ombe, maji yanachafuka na yanapungua kidogo. Wewe ukiandika tarehe tu, bosi atafikiri mto umeugua."

Nikaandika Alhamisi. Moyoni nilisema mzee huyu anapenda kusumbua watu. Kwa miaka miwili niliandika siku kwa sababu alikuwa akinichungulia begani. Alipostaafu aliniachia madaftari yake sita, yamefungwa kwa kamba ya katani, akaniambia niyasome nikipata nafasi. Nilimwambia nitayasoma. Muda si mrefu zikaletwa fomu mpya kutoka juu, safi kabisa, zenye kisanduku cha tarehe na kisanduku cha sahihi. Kisanduku cha siku hakikuwepo. Nami nikashukuru Mungu kwa kunipunguzia kazi.

Miaka ya Kitale ilikuwa mizuri. Geji yetu moja karibu na Moi's Bridge ilikuwa ikipotea kila baada ya mavuno, na tulikuja kuikuta imekuwa mlango wa banda la kuku. Mwenye banda alitupokea vizuri sana, akatukaangia mayai. Hakuona kosa lolote, alituambia hiyo mbao ilikuwa imesimama tu majini bila kazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu wengi wanafikiri sisi wa maji tunahesabu kitu ambacho hakiishi.

Huko huko Moi's Bridge nilipata kesi yangu ya kwanza ngumu, ndugu wawili wenye mashamba ya mahindi mabichi na vitunguu, mto mmoja, pampu moja kila mtu, hawasemezani. Yule mdogo alikuwa na kibali cha maji. Mkubwa hakuwa nacho, ila alikuwa na mdomo. Aliniambia, "Madam, huu mto nilizaliwa nikaukuta, huyu alizaliwa akanikuta mimi. Sasa karatasi yake imetoka wapi kuniambia ningoje?" Niliwakalisha chini siku tatu. Mwisho walikubali zamu za asubuhi na jioni, si kwa sababu ya hekima yangu, ni kwa sababu mama yao alichoka kuwapikia ugali sehemu mbili. Lakini niliondoka hapo nimeshika jambo moja la kazi: mwenye kibali ana haki, na mtu mwingine akitaka maji yake, lazima amletee maji mengine badala yake, kiasi kile kile na majira yale yale. Asipoweza, ayaache.

Kiasi kile kile na majira yale yale. Nimeyasema hayo maneno mbele ya wakulima mara nyingi sana, na ndiyo yaliyonirudi.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma. Mume wangu alibaki Kibomet na duka lake la vifaa vya ujenzi, mimi nikapanga chumba karibu na ofisi, na kila Jumamosi asubuhi nikawa napanda pikipiki ya ofisi kurudi nyumbani kupitia Kimilili. Bosi aliniruhusu kuitumia kwa sharti kwamba nifanye kazi njiani. Hakuna shida. Njiani kulikuwa na kijito cha Cheboswa, kinachoteremka kutoka Mlima Elgon na kukatiza barabara chini ya daraja dogo. Nilikuwa nasimamisha pikipiki pale, navua viatu, navaa gambuti, napima, naandika, naendelea na safari. Saa saba niko mezani kwangu nakula. Bosi alinisifu mbele ya mkutano wa wafanyakazi kwamba Madam Rebeka anatumia petroli moja kwa kazi mbili. Nilifurahi, tena nilifurahi kupita kiasi.

Sasa kesi yenyewe. Kule Matulo, upande wa Webuye, kuna mfereji uliochimbwa na mababu wa watu walioko sasa. Unatoka Mto Lukembe, unapita nyuma ya nyumba zao, na wakati wa kiangazi ndio unaowapa sukuma wiki, nyanya na vitunguu. Una kibali cha zamani kabisa. Mwenyekiti wa kikundi cha mfereji ni Mama Nekesa, mjane mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye huwa hakai kwenye kiti mkutanoni mpaka wengine wote wamekaa. Kiangazi kimoja alinionyesha vitalu vyake vya miche, mamia ya miche ya mboga inayonunuliwa na wakulima wa mpaka Bungoma mjini. Aliniambia mfereji huo ukikauka wiki moja tu, miche yote inakufa, na yeye hana kazi nyingine anayoijua.

Ukaja mradi mmoja mkubwa wa mboga, uliotaka maji ya Lukembe ya kiangazi, kutoka upande wa juu wa mlango wa mfereji huo. Watu wa mradi hawakuwa wabaya. Walifuata sheria. Walisema, nyinyi mtuachie kibali chenu, sisi tutawaletea maji ya bomba kutoka Cheboswa, mpaka kwenye tangi hapo kwenu, safi, bila kuchimba matope kila mwaka. Mlango wa mfereji ungezibwa kwa simiti. Kilichobaki ni ofisi yetu kusema kama Cheboswa ina maji ya kutosha kiangazi chote. Na nani alikuwa tayari anaipima Cheboswa kila wiki? Ni mimi.

Nilipima kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Kila mara maji yalikuwa yananifika karibu na magoti, yakienda kwa nguvu. Nikaandika ripoti: maji yanatosha, tena na ziada. Nikatia sahihi. Ripoti ikapelekwa mbele, na siku ya wakulima kuweka dole gumba kwenye karatasi za kuachia kibali ikapangwa, Ijumaa, hapo Matulo. Wakishaweka dole, haki ya mfereji imekwisha, na hairudi kwa kuomba.

Jumatatu ya wiki hiyo Mama Nekesa alikuja ofisini Bungoma. Alikuwa amebeba gambuti mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimkaribisha chai, akaiweka pembeni.

"Madam," akasema, "mimi hata ng'ombe nikiuziwa, huwa naenda kwanza kumwangalia. Hii maji mnatuletea, nilienda kuiangalia."

"Umefanya vizuri, Mama. Umeionaje?"

Akatoa gambuti mfukoni na kuiweka juu ya meza yangu, juu ya fomu zangu. Ilikuwa na mstari wa matope uliokauka. Mstari ulikuwa kwenye kifundo cha mguu.

"Niliingia katikati kabisa, pale chini ya daraja. Ilifika hapa."

Nataka mjue nilivyofanya, kwa sababu nanyi siku moja mtafanya vivyo hivyo. Nilikasirika. Nilimwambia nimekipima kijito hicho miezi mitatu mfululizo, kwa chombo, si kwa gambuti. Nilimwambia labda alisimama juu ya jiwe. Nikafungua faili nikamwonyesha safu ya namba, moja baada ya nyingine, zote nzuri.

Hakubisha. Alitazama zile namba, halafu akauliza, "Mimi nilienda Jumatano. Wewe huwa unaenda siku gani?"

Nikatazama fomu. Tarehe tu. Ukutani kulikuwa na kalenda ya muuza mbegu, yenye picha ya hindi kubwa lisilowahi kuota popote. Nikainuka, nikaanza kuzitafuta tarehe zangu kwenye kalenda kwa kidole. Jumamosi. Jumamosi. Jumamosi. Zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zilikuwa kwenye mstari mmoja ulioshuka kalenda kama vifungo vya koti.

"Jumamosi," nikasema.

"Zote?"

"Zote, Mama."

Kesho yake, Jumanne, tulienda wote wawili. Nilimpakia nyuma ya pikipiki, na gambuti zake zilikuwa zikinigonga mbavu njia nzima. Pale darajani nilivaa zangu nikaingia. Maji yalikuwa kwenye kifundo cha mguu. Nilizunguka nikitafuta pahali penye kina, nikijidanganya, mpaka Mama Nekesa akaniambia kutoka ukingoni, "Madam, toka tu. Hayataongezeka kwa kukanyagwa."

Tukapanda mlima kwa miguu kufuata kijito. Hatukwenda mbali. Kila baada ya hatua chache kulikuwa na mlango wa mfereji, ubao umeinuliwa, maji yanakunja kona kuingia kwenye kabichi na vitunguu. Nilihesabu milango mpaka nikaacha. Katika shamba moja tulimkuta mzee mwenye suruali iliyokunjwa, akielekeza maji kwa jembe. Alijitambulisha kuwa ni Mzee Chesebe, mzee wa kanisa la Wasabato pale juu. Alinitazama sana, kisha akacheka.

"Wewe nakujua. Wewe si yule mama wa Jumamosi? Tukiwa tunaenda kanisani tunakuonanga hapo chini mtoni, umesimama, umeinamisha kichwa. Sisi tulifikiri unaomba."

"Nilikuwa napima maji, Mzee."

"Jumamosi?" Alionekana kunihurumia. "Lakini Jumamosi hakuna mtu anatumia hii maji, mama. Huku karibu sisi wote ni Sabato. Ijumaa kabla jua halijashuka, kila mtu anafunga mlango wake. Tunawachia mto. Jua likishuka Jumamosi, tunafungua tena. Ni hivyo tangu wakati wa babu yangu."

"Na vibali mnavyo?"

"Viko nyumbani. Nikuletee?"

Nilimwambia asijisumbue, lakini alijisumbua, akaleta chake, nacho kilikuwa halali na cha zamani kuliko mimi kazini. Mimi kanisa langu ni la Jumapili. Nimeishi na Wasabato maisha yangu yote, nimesoma nao, nimenunua mboga zao, najua fika kwamba Jumamosi hawalimi. Lakini katika miezi mitatu haikunijia hata mara moja kwamba mtu asipolima, mto nao unajaa. Nilikuwa nimepima sabato ya watu nikaiandika kuwa kiangazi.

Nilimuuliza Mzee Chesebe kwa nini hawakuwahi kuniambia. Akasema, "Si ungekuja siku ya kazi tukakuambia? Siku ya sabato hatusumbui mtu."

Njiani kurudi Mama Nekesa hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa rahisi zaidi. Aliweka tu mikono yake mabegani mwangu, na tulipofika Webuye akashuka, akasema, "Ijumaa watu watakuja na dole zao, Madam. Watu wangu wanaamini namba zako. Mimi nikiwaambia peke yangu, watasema nimezeeka." Kisha akaenda zake na gambuti zake.

Jumatano nililala kitandani nikiumwa kichwa, na msidhani kilikuwa kichwa cha kweli. Alhamisi nikaenda kwa bosi. Nilimweleza yote, pamoja na safari zangu za nyumbani, ambazo alizijua, na sifa alizonipa, ambazo aliomba nisizitaje. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Ripoti imeshaenda mbele, Madam."

"Basi nitaifuata huko mbele."

"Umebakisha miaka miwili tu ustaafu. Watu watasema ulikuwa unapima mto ukienda zako nyumbani."

"Watakuwa wamesema kweli."

Akavaa miwani. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyependa mambo yaishe. "Basi sema mwenyewe," akaniambia. "Mimi sitakuzuia. Lakini pia sitasimama karibu na wewe."

Ijumaa tulikuwa Matulo, uwanja wa shule. Kulikuwa na hema, makreti ya soda, meza yenye kitambaa, karatasi zimepangwa, na kile kidude cha wino wa dole gumba kimefunguliwa tayari. Tulipopita mlango wa mfereji asubuhi, niliona mifuko ya simiti imeshapangwa pale, imefunikwa kwa turubai. Mafundi walikuwa wamekaa juu yake wakila maandazi. Wakulima walikuja wamevaa nguo za kanisani. Wengine walishaanza kujipanga foleni.

Niliomba kusema kabla ya dua ya kufungua kikao. Nikasema jina langu, nikasema kazi yangu, nikasema ile ripoti ni yangu na ina kosa, na kosa ni langu. Nikawaeleza Jumamosi, nikawaeleza Jumanne. Nikawaambia wakiweka dole leo, watakuwa wamebadilishana mto wa siku saba kwa mto wa siku moja.

Kisha mwanamume mmoja kwenye foleni akauliza, "Ati ulipima Jumamosi tu?"

"Jumamosi tu."

"Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu."

"Na ulisoma hii kazi?"

Watu wakacheka. Nami nilisimama nikachekwa, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Nimewahi kuumwa na nyuki, nimewahi kufukuzwa na mbwa wa mwenye shamba, lakini kile kicheko ndicho kitu kigumu kuliko vyote nilivyovisimamia kazini. Halafu nikaona mtu wa mwisho kwenye foleni ameondoka akaenda kukaa. Akafuata mwingine. Foleni ikaisha yenyewe, bila tangazo.

Injinia wa mradi, kijana mpole mwenye kofia ya plastiki, alikuwa amekunja karatasi zake. "Kwa hivyo Cheboswa haina maji?" akaniuliza.

"Inayo. Ila ni ya Jumamosi."

Hapo ndipo Mama Nekesa alipoinuka. Hakupandisha sauti, ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Sasa kama hiyo maji ya Jumamosi ni nzuri hivyo," akasema, "si nyinyi mradi muichukue? Mchimbe bwawa, mjaze hiyo siku moja, mnyweshe mboga zenu wiki mzima. Sisi mtuachie hii yetu ya siku zote. Na hiyo simiti pia muiache, ukuta wa mfereji unavuja."

Mara hii watu walicheka kicheko kingine. Injinia hakucheka. Alitoa kalamu, akaanza kuandika. Niliketi kwenye kreti la soda, na ghafla nikahisi nafuu ambayo sijawahi kuihisi tena, hata siku ya kustaafu. Nilitaka kulala palepale.

Haikuwa kazi ya siku moja, msije mkadhani. Tulipima upya mwaka mzima, siku zote saba, na safari hii nilipima nikiwa na Mzee Chesebe na wenzake, na watu wanaotumia kijito hicho upande wa chini wa daraja tukawawekea fungu lao kwanza. Nilipata barua ya onyo, iko kwenye lile faili mnalojua. Mradi ukachimba bwawa lake mlimani, nao wakaja kuniambia kwamba ni afadhali vile. Simiti ilibaki Matulo. Ukuta wa mfereji hauvuji tena.

Jumamosi ile baada ya baraza nilipita daraja la Cheboswa nikielekea nyumbani. Maji yalikuwa yamejaa, yanaenda kwa nguvu, mazuri sana. Sikusimama. Nilifika Kibomet nikaenda moja kwa moja jikoni, kwenye kabati la vyombo lenye mguu mfupi, nikatoa chini yake yale madaftari ya Mzee Wekulo ambayo yaliuinua mguu huo miaka mingi. Nilikaa sakafuni nikayafungua. Alikuwa na mwandiko mdogo, wa mtu anayehurumia karatasi. Katika daftari la nne nilikuta ukurasa wa Cheboswa. Jumatano, maji haba. Ijumaa, haba. Na mstari wa tatu: Jumamosi, maji mengi, Wasabato wamepumzika, usidanganyike.

Nililia, kisha nikacheka. Mume wangu aliingia kuuliza kwa nini vyombo vinaanguka, maana kabati lilikuwa limeinama.

Basi vijana wangu, fomu zenu zina visanduku vingi kuliko zetu, na bado hakuna cha siku. Andikeni pembeni.

Mwezi uliopita, nikiwa raia wa kawaida asiye na pikipiki ya ofisi, nilikwenda Matulo. Ni kiangazi, na kiangazi kikali. Mama Nekesa amezeeka sasa, anatembea na fimbo, lakini vitalu vyake vimeongezeka hadi nyuma ya choo. Tulipelekana mpaka kwenye mfereji. Aliniambia niingize mkono. Maji yalikuwa baridi, yamefika juu ya kifundo cha mkono wangu, yanakwenda.

"Leo ni siku gani, Madam?" akaniuliza.

"Jumanne."

"Andika basi."

Sikuwa na kalamu. Akanichagulia kijiti, na nikaandika kwenye matope, kando ya maji: Jumanne, yanatosha.